Askari Kanzu na Mauti ya Komodoro

Miongoni mwa michezo ya polisi iliyopata kuonyeshwa katika televisheni, ni michache iliyodumu katika kumbukumbu za watu kama ule uitwao Columbo. Ulibuniwa na Wamarekani wawili, Richard Levinson na William Link, waliokuwa marafiki tangu shuleni, na mhusika wake mkuu alichezwa na Peter Falk tangu mwaka 1968 hata mwaka 2003. Katika muda huo ilitengenezwa michezo 69, kila mmoja ukiwa hadithi kamili yenye mwanzo na mwisho wake. Nimeitazama mingi, na baadhi yake zaidi ya mara moja. Lakini hapa nakusudia kuzungumza habari za mmoja tu, nao ni mmoja ambao mashabiki wengi huuhesabu kuwa katika ile iliyo dhaifu kabisa.

Msomaji aweza kuuliza, kuna faida gani kutumia wino kwa kazi dhaifu ilhali zilizo nzuri ni tele? Jibu langu ni hili. Nyumba isiyo na ufa hatuulizi kuta zake zilijengwaje. Tunaingia, tunakaribishwa, tunakunywa chai na kuondoka. Ufa ndio utufanyao tusimame, tukatazama udongo na fito zilizo ndani.

Yanipasa kwanza nimweleze Luteni Columbo kwa wale wasiomjua. Yeye ni askari kanzu wa idara ya mauaji katika polisi ya mji wa Los Angeles. Umbo lake halitishi. Koti lake la mvua limekunjamana kana kwamba amelilalia usiku kucha. Gari lake, Peugeot 403, ni kuukuu hata mtu huona haya kuliegesha karibu na magari ya wenyeji anaowazuru. Na mkononi ana biri isiyokwisha. Peter Falk alipoteza jicho la kulia akiwa mtoto wa miaka mitatu kwa sababu ya maradhi, akawekewa jicho la kioo, na mtazamo wake wa upandeupande ukawa sehemu ya mhusika. Humtazama mtu kama asiyeona sawasawa. Walioamini hivyo walikwisha.

Sasa ipo desturi moja iliyoutofautisha mchezo huu na mingine ya jamii yake. Michezo mingi ya polisi huanza kwa maiti na kuishia kwa jina la mwuaji, na mtazamaji hukaa muda wote akikisia. Huu huanza kwa mwuaji mwenyewe. Tunamwona akipanga shauri lake, tunamwona akiua, tunamwona akifuta alama za vidole na kutengeneza uongo wa kumkinga. Mambo hayo yote hutendeka kabla Columbo hajaingia. Anapoingia, sisi tunajua kila kitu na yeye hajui lolote. Burudani yetu ni kutazama jinsi atakavyotufikia.

Mtu aliyelelewa kwa ngano za jioni hataiona desturi hiyo kuwa ngeni. Msimuliaji atamkapo "Paukwa," na watoto wakaitikia "Pakawa," hapana mtoto hata mmoja asiyejua kwamba Fisi ataiba na Sungura atamshika. Wameisikia hadithi hiyo mara ishirini. Wanakaa wasisinzie kwa sababu wanataka kujua safari hii Fisi atanaswa kwa mtego gani, na atajitetea kwa maneno gani mtego ukiisha kufyatuka.

Walakini nimefikiri kwa muda mrefu, na nimeona kwamba desturi hiyo ya kuonyesha mwuaji mapema ina kazi nyingine iliyo kubwa zaidi. Wauaji wa Columbo aghalabu ni watu wa daraja la juu: matabibu, mawakili, waandishi mashuhuri, wanamuziki, wenye viwanda. Wanakaa katika majumba yenye bustani na mabwawa ya kuogelea. Aingiapo yule askari na koti lake, wao humwona kama fundi wa mabomba aliyekosea mlango. Humjibu kwa upole ule ambao ni dharau iliyovishwa nguo safi. Naye huipokea dharau kama mtu apokeaye kikombe cha chai: hushukuru, huulizia bei ya viatu vya mwenyeji, hutaja habari za mke wake ambaye hatupati kumwona kamwe, huaga, hufika mlangoni, kisha hugeuka kuuliza neno moja dogo lililomtoka akilini. Neno lile dogo ndilo kitanzi. Levinson na Link walieleza kwamba sehemu ya tabia hiyo waliitoa kwa Porfiry Petrovich, mpelelezi katika riwaya ya Uhalifu na Adhabu aliyoiandika Mrusi Dostoyevsky katika mwaka 1866; na hakika, kila aliyeisoma riwaya hiyo atamtambua yule mtu msumbufu, mwenye maneno mengi, ambaye huonekana mpumbavu mpaka dakika ya mwisho.

Kwa hiyo kiini cha mchezo ni pambano la watu wawili, mwenye kudharau na mwenye kudharauliwa. Ili tulifurahie pambano hilo lazima tuwajue wote wawili, na lazima tujue kwamba mwenye kudharau ana damu mikononi. Tukimkosa mmoja, basi mwingine anapiga ngumi hewani.

Mchezo ninaotaka kuusimulia uliitwa Last Salute to the Commodore, maana yake Saluti ya Mwisho kwa Komodoro. Ulionyeshwa Marekani tarehe 2 Mei 1976, nao ulikuwa wa mwisho katika msimu wa tano. Mwandishi wake alikuwa Jackson Gillis, na mwongozaji alikuwa Patrick McGoohan, rafiki wa Peter Falk, ambaye alikuwa amekwisha kucheza mwuaji katika michezo miwili ya Columbo na kupata tuzo ya Emmy kwa ule wa mwaka 1974. Basi haiwezekani kusema kwamba mgeni aliingia jiko asilolijua akaunguza wali.

Kisa chenyewe ni hiki. Komodoro Otis Swanson ni mzee tajiri mwenye kiwanda cha kuunda mashua. Amezungukwa na watu wanaokula kwa jasho lake: binti yake Joanna, ambaye ulevi umemwangusha, mkwewe Charles Clay, anayeiendesha kampuni, mpwa wake Swanny, mtu wa mizaha na uvivu, na wakili wake mzee. Mzee amewachoka. Usiku mmoja baada ya karamu anakufa kwa pigo la kichwa. Tunamwona Charles Clay akiwa na maiti. Tunamwona akiichukua na kuipeleka baharini kwa mashua ya marehemu mwenyewe, ili ifikiriwe kwamba mzee alipigwa na mti wa tanga akatumbukia majini. Pigo lenyewe hatukuliona. Lakini nani anayelitaka? Charles huyu alichezwa na Robert Vaughn, na Vaughn huyohuyo katika mwaka 1975 alikuwa mwuaji katika mchezo wa Columbo uliofanyika ndani ya meli ya abiria. Mtazamaji wa mwaka 1976 alimwona na papo hapo akaketi vizuri kitini: pambano limekwisha pangwa, Fisi tunamjua, naye Sungura anakuja na koti lake.

Katikati ya mchezo Charles Clay anakutwa amekufa.

Nilipoutazama mara ya kwanza nilikuwa kama abiria aliyesinzia garini, akazinduka na kuona miti na vilima asivyovijua. Mtu tuliyemdhania kuwa mwuaji hakuua. Aliificha maiti tu, kwa kuwa mahali pa mauti aliokota pambo la mkewe akaamini kwamba Joanna, kwa ulevi wake, amemwua baba yake. Mwuaji wa kweli yungali huru, nasi tunajua machache kama Columbo mwenyewe.

Wazo hilo nalisifu bila kusitasita. Kuichukua desturi ambayo watazamaji wameizoea kwa miaka, kuitumia kama chambo, na kuwanasa nayo, ni werevu wa hali ya juu. Kama mchezo ungalikomea dakika ile ningaliuweka katika kumi bora. Lakini ilibaki nusu nzima, na nusu hiyo ndiyo yenye ufa.

Charles akiisha kufa, Columbo hana mtu wa kushindana naye. Wamebaki washukiwa wengi, kila mmoja na kipande chake kidogo cha hila, wala hapana hata mmoja aliye mkubwa wa kutosha kumdharau vilivyo. Na kwa kuwa hana mshindani, anacheza peke yake. Anawakaribia watu hata uso wake unakaribia kuwagusa. Anasema maneno yasiyokwisha, na wengine wanasema juu ya maneno yake, hata sikio linachoka. Kuna mahali anakaa chini amekunja miguu kama watawa wa Mashariki, pamoja na binti mmoja anayefanya mazoezi ya kutuliza nafsi, na kamera inawatazama kwa muda mrefu kana kwamba jambo kubwa litatokea. Halitokei. Askari wenziwe wawili wanamfuata huku na huku. Mara wanasaidia, mara wanakuwa mzigo.

Wapo wanaosema kwamba kosa ni uchezaji wa Peter Falk, ambaye siku ile alipita kiasi. Sikubaliani nao kabisa. Vituko vile vyote, isipokuwa vichache, tulikwisha kuviona katika michezo mingine, na huko vilitufurahisha. Huko unyenyekevu na upumbavu wa Columbo vilikuwa silaha: kila alipobabaika mbele ya tajiri, tulijua kwamba tajiri anazidi kujisahau. Hapa hapana wa kujisahau. Silaha isiyoelekezwa kwa mtu imekuwa kichekesho, na kichekesho kirefu huchosha. Mtu mmoja, koti moja, sauti ileile. Lakini maana imetoka, kama maji yatokavyo mtungini bila mtungi kubadilika sura.

Darasani nimewahi kuzungumza jambo la namna hiyo kuhusu ushairi. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi katika mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, palizuka mabishano makali, na wengine walisema kwamba hayo si mashairi. Mimi sikuwa na ugomvi na mwenye kuvunja vina. Niliuliza tu: kina kikiondolewa, ni kitu gani kinachobeba mshororo badala yake? Kezilahabi alikuwa na jibu, nalo ni uzito wa picha zake na fikira zake. Mchezo wa Komodoro uliondoa kina na haukuweka kitu mahali pake.

Nilipokuwa nikiyasema maneno hayo nyumbani kwangu, alikuwapo jirani yangu mmoja, mzee aliyetumika katika polisi miaka mingi kabla ya kustaafu. Mtaani petu watu wote humwita Afande, hata watoto. Tulikuwa tumeutazama mchezo pamoja, naye alitikisa kichwa tangu nilipoanza kulalamika.

"Mwalimu," akaniambia, "huu ndio mchezo pekee katika yote uliyonionyesha unaofanana na kazi yangu. Katika ile mingine, huyu bwana huingia mlangoni akamtazama mtu mmoja, na mtu huyo ndiye. Mimi sikupata kuingia nyumba yenye msiba nikaonyeshwa mwuaji. Niliingia nikakuta jamaa sita, wote wanalia, na mmoja wao ni mwongo, na pengine wote ni waongo kila mmoja kwa jambo lake."

Nilimjibu, "Lakini Mzee, hukuona jinsi mpelelezi anavyotangatanga?"

"Nilikuwa nikitangatanga," akasema. "Nilikaa na watu, nikanywa uji wao, nikauliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu, mpaka mmoja akachoka kunyamaza. Wewe umechoka kwa saa moja na nusu. Mimi kesi moja ilinichukua miezi kumi na minne."

Nilinyamaza, maana maneno yake yalikuwa na haki ndani yake. Ni kweli kwamba desturi ya Columbo ina uongo mmoja mtamu: inatufanya tuamini kwamba askari mwema hukijua kichwa cha mwovu kwa mtazamo wa kwanza, na kwamba akimwandama mtu mmoja tangu asubuhi hata jioni, basi lazima mtu huyo awe mwenye hatia. Tunakubali kwa sababu tumeonyeshwa ushahidi kabla yake. Kama tusingalionyeshwa, tungemwona askari anayemsumbua raia nyumbani kwake, na tungeuliza kwa idhini ya nani. Nataka vijana wasomao maneno haya walifikirie jambo hilo, kwa kuwa michezo ya polisi imekuwa mingi na si yote iliyo na uaminifu wa kutuonyesha hatia kwanza.

Hata hivyo sikumwachia Afande ushindi wote. Kutangatanga kwa kazi ni jambo moja, na kutangatanga kwa hadithi ni jambo jingine. Kama mchezo ungalitaka kutuonyesha taabu ya kutojua, ungalituonyesha taabu hiyo usoni mwa Columbo: kosa, wasiwasi, usiku bila usingizi. Haukufanya hivyo. Yeye anatembea katika kutojua kwake kwa furaha kama mtu aliye sikukuu, na mwishoni inafahamika kwamba alikuwa akilijua jibu. Afande alicheka kidogo, akasema kwamba hapo nimesema kweli, maana yeye katika ile miezi kumi na minne hakucheka.

Ipo sehemu moja ambayo sote wawili tuliipenda, nayo ni habari ya Joanna. Mwanamke huyu, aliyechezwa na Diane Baker, amelewa karibu mchezo mzima, na waandishi wengi wangalimfanya wa kuchekwa. Hakufanywa hivyo. Hakumbuki usiku wa msiba. Hajui kama ni yeye aliyemwua baba yake au siye, na hawezi kumwuliza mumewe, maana mumewe amekwisha kuamua kwamba ndiye na ameamua kunyamaza. Je, Charles aliificha maiti kwa kumpenda mkewe, au kwa sababu mke mwenye hatia ya kumwua baba yake asingaliweza kurithi mali ambayo Charles mwenyewe aliitamani? Mchezo hausemi. Charles anakufa bila kueleza, na Joanna anabaki na swali lake. Ningetoa vituko vyote vya nusu ya pili kupata dakika kumi zaidi za nyumba hiyo ya watu wawili wanaoogopana kwa jambo ambalo hapana hata mmoja wao aliyelitenda.

Mwisho wake ni wa ajabu. Columbo, ambaye siku zote humnasa mtu wake uso kwa uso, safari hii anawakusanya washukiwa wote chumbani, kama ifanyikavyo katika hadithi za kale za upelelezi za Uingereza. Ana saa mkononi. Anapita kwa mmoja mmoja, anamwekea saa sikioni, naye anasema kwamba hiyo ni saa ya Komodoro. Wengine wanasikiliza mlio wake wasijue la kusema. Swanny anakana upesi kwamba siyo. Amejuaje? Saa ya mzee iliharibika katika tukio la mauaji, na aliyejua kwamba haiwezi tena kulia ni yule aliyekuwapo. Ndiye aliyemwua mjomba wake, na ndiye aliyelidondosha lile pambo ili Joanna ahukumiwe na urithi umwangukie yeye.

Afande hapo alisimama kabisa. Alisema kwamba kama angalimpelekea hakimu ushahidi wa neno moja lililotamkwa chumbani, hakimu angalimfukuza yeye na saa yake. Mimi nami nasema kwamba hila yenyewe ni nzuri sana; lakini ilitupwa kwa mtu tusiyemjua. Swanny alikuwa mcheshi wa pembeni tangu karamu ya kwanza. Hakupata kumdharau Columbo, wala Columbo hakupata kuvumilia kitu chochote kutoka kwake. Kwa hiyo anapokamatwa tunafahamu, lakini mioyo yetu haipigi.

Kisha Columbo anaingia katika kijimashua, anashika makasia na kuondoka peke yake majini, akisema anakwenda kumkuta mkewe. Kwa muda ilidhaniwa kwamba huenda ndiyo buriani ya mhusika huyo, maana msimu ulikuwa umekwisha. Haikuwa hivyo. Mnamo Oktoba mwaka uleule wa 1976 alirudi katika mchezo mwingine, na koti lake, na biri yake. Desturi ya zamani nayo ilirudi tangu dakika za kwanza: mwuaji alionekana waziwazi akitenda, tena alikuwa mwigizaji mashuhuri, mwenye majivuno, ambaye kazi yake ilikuwa kucheza mpelelezi katika televisheni. Nilimwalika Afande kuutazama huo pia. Alikuja, akauangalia kwa adabu mpaka mwisho, akauliza kama naweza kumwekea tena ule wa Komodoro.